Kikavu, cha kopo au cha jikoni: kumchagulia chakula paka mzee anayesusa

Zabibu alikuja kwetu Upanga, Dar es Salaam, na kikapu chake, kibakuli chake cha bati na nusu mfuko wa chakula kikavu. Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa anahama nchi, na paka wa miaka 12 hakuweza kwenda naye. Siku ya kwanza nilimwekea walichokula paka wote niliowahi kuishi nao tangu utotoni: dagaa waliochemshwa, wamevurugwa na ugali laini. Akaja, akainamisha pua, halafu akaanza kukwangua sakafu kando ya sahani kwa mguu wa mbele, kama wanavyofanya wakifukia choo. Akaenda zake kulala chini ya kiti. Kesho yake nikamletea vibua. Ikawa vilevile.

Shangazi yangu alikuwa kwetu siku hizo. Akaniambia, "Mwanangu, mwache huyo. Njaa ikimbana atakula." Nilimjibu, "Sawa shangazi," lakini sikumwacha, na wewe pia nakuomba usimwache wako. Paka asipokula kwa siku mbili tatu, hasa aliye mnene, mwili wake huanza kuvunja mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini hujaa mafuta, ufizi na macho hugeuka manjano, na hapo paka anaweza kufa hata kama mwanzo alikuwa amesusa tu. Kwangu mimi kipimo ni saa 24: zikipita bila kutia kitu mdomoni, napiga simu kwa daktari wa mifugo.

Kwa hiyo ulinganisho huu una sharti moja kabla ya mengine yote. Chakula bora kwa paka mzee lazima kiwe kile atakachokubali kukila kila siku. Chakula kizuri kinacholala sahanini hakimfai kitu.

Kwanza: anachagua au anaumwa?

Nilipoteza karibu wiki nzima nikibadilisha sahani kabla ya kumwangalia Zabibu vizuri. Alikuwa akija sahanini kwa haraka, anachukua kipande, anainamisha kichwa upande mmoja, kisha kipande kinamdondoka. Paka wa namna hiyo anaumwa mdomo. Daktari alipomfunua midomo tukaona jino la nyuma limeoza na ufizi umevimba, mwekundu kabisa. Aling'olewa, na hamu ya kula ikarudi nusu.

Kuna dalili nyingine ya kuangalia. Paka anayekaribia chakula, akanusa, akajilamba midomo mara kadhaa kisha akaondoka, mara nyingi ana kichefuchefu, na kwa mzee kichefuchefu huweza kutoka kwenye figo. Anayekula sana na bado anakonda huenda tezi yake ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, au ana kisukari. Anayekunywa maji na kukojoa kuliko zamani apimwe damu na mkojo kabla hujanunua mfuko wowote wa chakula. Ukimchukua paka wa zaidi ya miaka 10, fedha ya kwanza iende kwenye kipimo. Majibu ya Zabibu yalikuwa mazuri kwa umri wake, na hilo ndilo lililonipa uhuru wa kuchagua kati ya vyakula vya kawaida ninavyovilinganisha hapa.

Kikavu na cha kopo

Watu wengi hubishana kuhusu bei. Mimi naanzia kwenye maji.

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama wa maeneo makame aliyekuwa akipata sehemu kubwa ya maji yake ndani ya panya na ndege aliowakamata. Ndiyo maana kiu yake ni ndogo: anaweza kupungukiwa na maji na bado akapita kando ya bakuli bila kuligusa. Akiwa kijana figo zake hurudisha maji mwilini na kutoa mkojo mzito, na maisha yanaendelea. Akiwa mzee uwezo huo hupungua, anapoteza maji zaidi kwa mkojo, na choo nacho huanza kuwa kigumu.

Sasa chukua hesabu ya Zabibu, aliyekuwa na kilo 3.4. Kwa siku anahitaji takriban kalori 190, na maji yapata mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, yaani kama 170. Chakula kikavu cha kawaida kina kalori kama 380 kwa gramu 100 na maji asilimia 10 hivi. Gramu 50 zinamtosha kwa siku, lakini ndani yake mna mililita 5 tu za maji, kijiko kimoja cha chai. Cha kopo kina kalori kama 85 kwa gramu 100 na maji karibu asilimia 80. Atahitaji gramu 220 au zaidi kidogo, na hizo zinaingia na mililita 175 za maji. Amekula, na maji yake ya siku ameshayapata.

Hapo ndipo kikavu kinaposhindwa, na kwa paka mzee ni kushindwa kukubwa.

Kina ubora wake, sikatai. Ni nafuu kwa kila kalori, na tofauti ya bei si ndogo. Kinaweza kukaa sahanini usiku kucha, jambo la msaada kwa paka anayependa kula kidogo kidogo mara nyingi, na wazee wengi wako hivyo. Umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Na kama paka amelelewa nacho tangu utoto, huenda ndicho kitu pekee anachokitambua kama chakula. Paka hushika tangu udogoni umbo na ugumu wa alichozoea, na Zabibu alikuwa hivyo hasa. Ila usikinunue kwa sababu ya ile kauli kwamba kinasafisha meno. Chembe za kawaida huvunjika ncha ya jino inapogusa tu, na nyingi humezwa nzima. Jino la Zabibu lilioza katika maisha yote ya chakula kikavu.

Joto la pwani nalo lina neno lake. Mfuko uliofunguliwa hupata hewa na unyevu, mafuta yake yakaanza kuchacha, na pua ya paka hugundua mapema kuliko yako. Nunua mfuko mdogo utakaokwisha ndani ya mwezi mmoja au mwezi na nusu, uubane vizuri, na kibakuli kisimamishe ndani ya sahani yenye maji kidogo ili sisimizi wasifike. Kikavu cha kupimiwa kwa kilo kwenye mfuko mweupe nimekiacha kabisa: hujui kilifunguliwa lini, hujui mwisho wake wa matumizi, wakati mwingine hujui hata kama ni cha paka au cha mbwa. Na chakula cha mbwa hakimfai paka, kwa sababu utakayoikuta hapo chini.

Cha kopo kina usumbufu wa aina nyingine. Kikifunguliwa kinakaa kwenye friji siku mbili tatu, tena kimefunikwa, na kwenye sahani katika joto la Dar es Salaam mimi sikiachi zaidi ya saa moja. Kopo la gramu 400 kwa paka mmoja ni kujitafutia hasara. Vile vipakti vya gramu 85 ni ghali zaidi kwa uzito, lakini kwa anayesusa vinaokoa fedha, kwa sababu kinachotupwa ni kidogo. Zabibu angehitaji viwili na nusu kwa siku.

Jambo moja la lebo, maana hapa watu wengi hudanganyika. Ukisoma protini asilimia 32 kwenye kikavu na asilimia 10 kwenye kopo, utadhani kopo ni maji ya bure. Ondoa maji kwanza. Kopo lenye maji asilimia 80 lina kitu kikavu asilimia 20. Protini 10 ndani ya 20 ni nusu, asilimia 50. Kikavu chenye maji asilimia 10 kina kitu kikavu asilimia 90. Protini 32 ndani ya 90 ni kama asilimia 36. Kopo limeshinda, na kwa paka mzee ambaye misuli ya mgongo na mapaja inapungua, protini si ya kubania. Baadhi ya waliovuka miaka 12 humeng'enya protini na mafuta kwa shida kuliko zamani, kwa hiyo wanahitaji chakula chenye nguvu zaidi.

Kama mfuko wako hauruhusu kopo tupu, changanya. Gramu 25 za kikavu na gramu 110 za kopo zinampa Zabibu kalori zake zilezile, na maji mililita 90. Ongeza vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu kwenye kopo, umesogea mbele kabisa. Ndicho nilichofanya miezi minne ya kwanza, na kwa nyumba nyingi za kwetu ndicho ninachokipendekeza.

Cha kopo na cha jikoni

Hapa moyo wa Mswahili huvutwa. Unachemsha kuku, unamtengea, unaona anakula nyama yenyewe badala ya tope la kwenye kopo. Zabibu alikubali kifua cha kuku siku ya kwanza nilipomwekea, akakila akiwa amefumba macho. Nikashawishika kumlisha hicho tu.

Tatizo ni kwamba nyama tupu si panya. Panya huliwa na mifupa yake, moyo, ini na damu. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Paka akiishi nayo kwa miezi, mwili wake huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Kisha kuna taurini. Hii ni asidi amino ambayo paka hatengenezi ya kumtosha, tofauti na mbwa, na lazima aipate kwenye chakula; ndiyo maana cha mbwa hakimfai. Ikikosekana, moyo hutanuka na kulegea na macho huharibika hadi upofu. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakiongozwa na daktari wa wanyama Paul Pion, walionyesha kwamba paka wenye ugonjwa huo wa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na wengi walipopewa taurini moyo ukarudi kufanya kazi. Viwanda vikaongeza kiwango chake. Kopo la leo limerekebishwa na somo hilo, ila sufuria yako haijarekebishwa. Tena taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha nyama ukamwaga supu, umeimwaga nayo.

Kama unapika, pika kwa kujua. Moyo wa kuku na nyama nyeusi ya mapaja zina taurini nyingi kuliko kifua, na supu yake mpe. Maini ni mazuri kwa kiasi kidogo sana. Paka anayelishwa maini kila siku hujaza vitamini A mwilini hadi mifupa ya shingo inaota na kukakamaa. Vitunguu maji na vitunguu saumu visiguse sufuria hiyo hata kidogo, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mifupa iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali, itoe yote. Na maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtu humpa paka kama zawadi, paka wakubwa wengi huyahara.

Chakula cha jikoni kuwa mlo mzima kunahitaji daktari akuandikie vipimo, pamoja na taurini ya unga, kalsiamu na vitamini. Ukipata daktari wa hivyo, ni chakula kizuri kabisa, na kwa paka aliyekataa kila kitu cha dukani kinaweza kuwa njia pekee. Bila hayo, kibaki kitoweo: sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Kwa Zabibu hiyo ni gramu 12 za kuku aliyechemshwa, kijiko kimoja kilichochambuliwa na kutandazwa juu ya kopo. Inaonekana kidogo, lakini harufu yake inatosha kumleta.

Na usidanganywe na kila kopo. Kwenye lebo tafuta maneno *complete* au *complete and balanced*, yaani mlo kamili. Ukikuta *complementary*, hicho ni kitoweo cha kiwandani, hakina tofauti kubwa na kuku wako wa kuchemsha. Vipakti vingi vya jodari vizuri vya kutazama viko kundi hili. Jodari wa kopo la binadamu ni shauri lingine: chumvi, mafuta, na uzoefu unaomfanya paka asitake kitu kingine.

Dagaa, maana hatuwezi kuwaruka

Siwatupi dagaa. Samaki mzima mdogo, na mifupa yake na matumbo yake, anafanana na panya kuliko kifua cha kuku kinavyofanana naye. Paka wengi wa pwani wamekua kwa dagaa. Shida yao kwa mzee ni mbili. Wale wa kuchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa wana chumvi nyingi, na wote, kwa sababu ya mifupa, wana fosforasi nyingi, ambayo ndiyo mzigo hasa kwa figo zilizochoka. Ugali unaoandamana nao hauna sumu, ila unajaza tumbo dogo ambalo lingebeba nyama.

Samaki wabichi ni sura nyingine. Aina kadhaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka anayewategemea huishia kupepesuka na kupata degedege. Kupika hukiua kimeng'enya hicho. Mchuuzi mmoja wa soko la samaki la Feri ninayenunua kwake huniuliza, "Dada, nikuwekee vichwa kwa ajili ya paka wako?" Ninavichukua, lakini vinapita motoni kwanza.

Matumizi yangu ya dagaa sasa ni haya: nawaloweka maji ya moto, namwaga maji, narudia, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta, nawatwanga. Ule unga naunyunyiza kwa ncha za vidole juu ya kopo. Paka yule yule aliyefukia dagaa siku ya kwanza hulamba sahani hadi inasogea sakafuni. Mwaka 2005 watafiti wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, walieleza kwamba jeni ya paka inayohusika na kuonja sukari imeharibika. Utamu haujui kabisa. Anachokifuata ni harufu ya nyama na mafuta, na unga wa dagaa ni harufu tupu.

Cha "wazee" na cha figo

Hivi viwili huwekwa rafu moja na watu huvichanganya. Neno "senior" kwenye mfuko halina maana moja. AAFCO, chombo cha Marekani ambacho viwango vyake hufuatwa na viwanda vingi, kina viwango vya paka wanaokua na wanaozaa, na vya paka wazima. Vya wazee hakina. Kila kiwanda huamua chenyewe, kimoja kinapunguza protini, kingine kinaongeza. Geuza mfuko usome nyuma.

Cha figo ni dawa iliyo katika umbo la chakula. Fosforasi imepunguzwa sana na protini imepimwa, na kwa paka aliyepimwa akakutwa na ugonjwa wa figo, tafiti zimeonyesha kinamwongezea maisha. Hapo hakishindani na chochote nilichotaja; kinatangulia. Usikinunue kwa kubahatisha eti kwa kuwa paka ni mzee, maana utambania protini bila sababu. Na usimwanzishie siku anayotapika au aliyolazwa, kwa sababu paka huunganisha ladha na ugonjwa na hatakigusa tena. Subiri atulie.

Kuhusu nyama mbichi nitasema kidogo tu: vijidudu vya salmonela na toksoplasma ni vya kweli, na mwishoni mwa 2024 huko Marekani iligundulika homa ya ndege imempata na kumuua paka kupitia chakula kibichi cha kugandishwa. Kwa mnyama mzee, katika nyumba yenye watoto, siioni faida inayolipa hatari hiyo.

Kumhamisha bila ugomvi

Usikifiche chakula kipya ndani ya cha zamani siku ya kwanza. Mchaguzi akishtuka huvisusa vyote viwili. Weka sahani mbili pamoja, ya zamani ikiwa imejaa kama kawaida, mpya kijiko kimoja. Siku tatu za mwanzo Zabibu hakuigusa mpya. Ya nne alilamba mchuzi. Baada ya hapo nikaanza kupunguza kikavu kwa gramu tano kila baada ya siku chache, na kuhama kwetu kulichukua wiki tano, si zile siku kumi zinazoandikwa kwenye mifuko.

Kipashe moto hadi kiwe na joto la mwili, kama digrii 38. Kopo lililotoka kwenye friji halina harufu na kwake ni kama halipo. Tumia sahani bapa ya chai, si bakuli refu linalobana sharubu. Mpe mara nne au tano kwa siku, mbali na kisanduku cha choo. Dawa usiichanganye na mlo wake wa kawaida hata siku moja.

Na mpime. Simama kwenye mizani umembeba, kisha peke yako, toa. Kwa paka wa kilo 3.4, gramu 170 tu ni asilimia 5 ya mwili wake, na macho yako hayataiona chini ya manyoya. Daftari langu liko juu ya friji: 3.4 alipofika, 3.1 wiki ya jino, 3.3 tulipomaliza kuhama. Jumamosi iliyopita ilikuwa 3.6. Shangazi alipopiga simu akauliza kwanza habari za paka, nikamsomea namba hiyo.